Nyumba Iliyoachwa na Upepo

Limi hakuwa mtu wa kusimuliwa. Alizaliwa Samuye, akachunga ng'ombe wa baba yake mpaka nyayo zikapasuka, akaolewa na Mihayo, akahamia Mwalugoye, kitongoji kilichojibanza pembeni mwa barabara ya vumbi itokayo Kagongwa. Alilima mpunga, alilima pamba miaka ile pamba ilipokuwa na maana, akazaa, akazika, akabaki na binti mmoja, Ritha, anayeuza vitenge Kahama mjini. Ungemkuta njiani na jembe begani ungemwamkia na kupita zako, na ukifika mbele umeshamsahau. Watu wa namna hiyo ndio wanaoibeba nchi hii mgongoni, lakini hilo tuliache.

Kilichomfanya Limi aanze kutazamwa ni nyumba yake.

Na nyumba yenyewe usije ukafikiri ilikuwa ya ajabu. Vyumba viwili na sebule, matofali ya kuchoma, paa fupi la pande nne, baraza hakuna. Mihayo aliijenga kwa mikono yake. Kazi yake Mihayo ilikuwa kufunga mizigo Isaka, kwenye ile bandari ya nchi kavu, akikaza shehena juu ya malori yanayokwenda Rwanda na Kongo. Mtu aliyefanya kazi hiyo miaka nenda miaka rudi hawezi kuona kitu kimekaa tu. Anaona kitu ambacho hakijafungwa. Alifunga madebe ya maji, alifunga mabanda ya kuku, hata kitanda cha ndoa alikifunga ukutani, mpaka Limi akamwambia, "Baba Ritha, humu ndani hatusafiri."

Alipoanza kujenga alirudi kutoka Isaka na mikanda ya chuma, ile myembamba inayofungiwa makasha, ambayo mzigo ukifika hukatwa na kutupwa. Aliizika kwenye msingi zege likiwa bado bichi, akaipandisha ndani ya ukuta tofali kwa tofali, akaipitisha kwenye lenta ya zege juu ya madirisha, akaizungusha juu ya kenchi za paa na kuikaza kwa koleo mpaka ikalia. Kisha akapiga lipu, mikanda ikapotea machoni. Watu walicheka wakashika mbavu. Walisema Mihayo anaifunga nyumba kama mbuzi, anaogopa usiku itaingia shamba la jirani.

Yeye hakujibizana nao. Alimwambia mkewe tu, "Upepo hausukumi, mayu. Unanyanyua. Turubai likilegea kwenye lori haliendi nyuma, linakwenda juu."

Mihayo alikufa kwa homa, wakamzika nyuma ya nyumba hiyo hiyo, kando ya ua wa minyaa. Limi akabaki peke yake na mikanda yake ukutani, wala hakuiwaza tena.

Sasa, jirani yake alikuwa Edson. Huyu Edson alikwenda Geita kijana asiye na mbele wala nyuma, akashinda kwenye maduara ya wachimbaji, akala vumbi, akalala kwenye maturubai. Siku moja duara lao likatema dhahabu, akarudi mtu mwingine. Jambo la kwanza alilofanya lilikuwa jema, tusimnyime haki yake: alimjengea mama yake, Lusia, nyumba. Na ilikuwa nyumba kweli. Paa la mabati ya msauzi, la bluu, lenye migongo mingi, baraza pana mbele lenye nguzo nyeupe, madirisha makubwa ya vioo. Fundi wa kupaua alikuwa Frank wa Kagongwa, mwenye jina kubwa kwa mapaa ya kisasa.

Siku ya kupaua ni siku ya watu. Wanaume hupandisha mbao, wanawake hupika, na nyumba hailali bila wali kuliwa. Limi naye alikuwa jikoni pamoja na wenzake. Akatoka na mwiko mkononi, akainua macho, akaona zile kenchi zimekalishwa juu ya ukuta na kushikwa kwa misumari mitupu. Basi. Ulimi wa mjane wa mfunga mizigo ukamponyoka.

"Frank, mwanangu, mbona hili paa halijafungwa na kitu?" alisema, na sauti yake haikuwa ndogo. "Hili litaondoka. Na likiondoka, ukuta utamwangukia mtu."

Frank akacheka kutoka juu. "Mama Ritha, hapa hatupakii lori."

Watu wakacheka. Lusia mwenyewe alicheka, akamshika Limi mkono wakarudi jikoni. Wali ukaliwa, siku ikaisha salama, na yale maneno kila mtu akayaweka mahali pake bila kujua kwamba ameyaweka.

Upepo ulikuja mvua za masika zikielekea kuisha, mchana, saa za watu kulisha mifugo. Kwanza ng'ombe waligoma kutoka lamboni. Walisimama ndani ya maji, vichwa vyote vimeelekea upande mmoja. Halafu ndege wakanyamaza. Mbingu ikawa ya kijani, kijani cha maji yaliyotuama, na nyuso za watu zikawa na rangi hiyo hiyo, kila mmoja akamwona mwenzake kama mgonjwa. Ikapiga mvua ya mawe kidogo. Ikakatika ghafla. Pakawa kimya kiasi kwamba Limi, akiwa mlangoni kwake, alimsikia Lusia akikohoa kwenye baraza lake, ng'ambo ya shamba.

Kisha akasikia mlio kama wa karasha la kusagia mawe ya dhahabu, ila karasha husaga mahali pamoja, na huu mlio ulikuwa unatembea.

Hakusubiri kuuona. Alifunga mlango, akaingia chini ya kitanda, akakumbatia mguu wa kitanda uliofungwa ukutani. Masikio yakazibika. Vumbi lote lililokuwa sakafuni likanyanyuka likasimama hewani, likangoja. Halafu nyumba ikavutwa juu. Alihisi kabisa ikivutwa, kuta zikiwa nyepesi, mbao zikilia, na kutoka ndani ya ukuta kitu kikaanza kuvuta chini. Juu kikavuta na chini kikavuta, na yeye katikati akaita jina la mumewe, si la Mungu. Jambo hilo lilimwaibisha baadaye, maana yeye ni Mkatoliki wa kubatizwa.

Ukapita.

Alipofungua mlango hakuelewa anatazama nini. Aliona reli. Tangu aolewe hajawahi kuiona reli akiwa mlangoni kwake. Kulikuwa na nyumba za watu katikati, na miti, na shule, na kigango. Sasa palikuwa na nafasi tu, na mwisho wa nafasi hiyo reli inang'aa. Katikati ya jaruba la mpunga paa la bluu la Edson lilikuwa limetua zima, limekaa sawasawa juu ya maji, kana kwamba nyumba nzima imezama na kubakiza kichwa. Kuku mmoja alikuwa anatembea juu yake.

Shule ilikuwa imevuliwa paa lote kwa mara moja, na kuta ndefu, zikiwa hazina cha kuzishika juu, zilikuwa zimelala ndani ya madarasa. Watoto walikuwa wametolewa mapema, mbingu ilipoanza kugeuka rangi. Hiyo ndiyo huruma pekee ya siku ile. Kigango nacho kilikuwa kimeanguka kuanzia kichwani: lile gebo, ukuta mrefu wa pembetatu wenye msalaba, ambalo waumini walilichangia kwa fahari, lilikuwa limekwenda chini juu ya mabenchi. Duka la tofali za saruji, lililoonekana imara kuliko vyote, lilikuwa limefumuka kwa sababu mlango wake mpana uliachwa wazi, upepo ukaingia ndani ukatafuta pa kutokea. Na mzee Ndaki, ambaye bado aliishi kwenye msonge mpaka wajukuu zake wakamwonea aibu, alikutwa ameketi kwenye kigoda chake. Nyasi zote zilikuwa zimeondoka. Fito na nguzo zilikuwa zimebaki zimesimama zikimzunguka, naye hana hata mchubuko. Nyasi haziui mtu.

Lusia alikufa. Upepo uliingia chini ya lile baraza pana ukalishika kama mtu anavyoshika kifuniko cha sufuria, paa likaenda, na ukuta uliokuwa umeshikwa na paa ukamlalia.

Na katikati ya hayo yote nyumba ya Limi ilikuwa imesimama. Nzima. Kanga aliyoianika upande wa nyuma ilikuwa bado kwenye kamba. Kwenye kona moja tu lipu ilikuwa imepasuka kutoka juu hadi chini, na ndani ya ufa ule mkanda wa chuma ulikuwa unang'aa.

Siku za kwanza hakuna aliyemsema. Walilia pamoja, wakamzika Lusia pamoja. Limi aliwapokea wanawake na watoto wakalala kwake, wamebanana sebuleni. Halafu maturubai ya msaada yakaletwa, na watu wakaondoka kwake. Hilo si la ajabu, kila mtu anapenda kwake hata kama ni turubai. La ajabu ni kwamba waliondoka bila kuaga, na mmoja aliyesahau chupa yake ya chai hakurudi kuichukua.

Kisha wakaanza kuja kuitazama nyumba. Walikuja mchana kweupe, wawili watatu, wakasimama mbali kidogo, wakaelekeza macho kwenye ile kona iliyopasuka. Limi akitoka kuwakaribisha, wanaondoka. Kisimani akifika, walio kwenye foleni wanampisha mbele. Ungeweza kudhani ni heshima ya uzee. Lakini akishateka, mwanamke anayefuata anamwaga ndoo yake na kuisuuza kwanza. Njia ya miguu iliyopita mbele ya mlango wake tangu enzi za Mihayo ikaanza kuota majani. Watu walikuwa wametengeneza nyingine, ikizunguka mbali, na ile mpya ikawa nyeupe kwa kukanyagwa.

Limi si mjinga. Alipokuwa mtoto Samuye, shangazi yake, mama mpole aliyekuwa na macho mekundu kwa moshi wa kuni mbichi, alianza kupishwa kisimani namna hiyo hiyo. Mwaka ule ng'ombe wa watu walikuwa wamekufa na wake walikuwa hawajafa. Asubuhi moja walimkuta shambani, amekatwa kwa panga, na hakuna aliyeona wala kusikia, wala hakuna aliyeuliza sana. Limi alikuwa mdogo, lakini ile njia iliyoota majani mbele ya nyumba ya shangazi aliikumbuka vizuri kuliko sura yake.

Basi akaanza kuogopa, na hofu yake ilikuwa na kila sababu.

Asubuhi moja alitoka kwenda shambani, akarudi, akaona kwenye udongo laini karibu na mlango kwamba nyayo zake za kutokea hazipo. Hazikuwa zimefutwa wala kukanyagwa. Zilikuwa zimechotwa. Palipokuwa na kila unyayo palikuwa na kishimo kisafi, kimechotwa kwa kijiko au kwa mkono, hatua kwa hatua mpaka kwenye ua wa minyaa. Aliyahesabu mashimo yale moja moja. Mtu akichotewa udongo wa unyayo wake, udongo huo una mahali unapopelekwa, na wote tunapajua.

Jioni ya siku hiyo Asteria alimfuata shambani. Huyu Asteria, mama yake Kudra, walikuwa wamelima naye bega kwa bega tangu wakiwa wake wapya. Hakumkaribia. Alisimama kwenye tuta lake, akaendelea kupalilia, akasema bila kuinua uso.

"Mama Ritha, nenda Kahama kwa mwanao."

"Nimekosa nini?"

"Kuna mtaalamu anatoka pande za Bukombe. Edson ndiye aliyemwita. Akishapiga ramli yake, wanaume hawatamsikiliza mtu." Akapalilia kidogo. "Wanasema ulitamka. Ulisimama na mwiko ukasema paa litaondoka na ukuta utamwangukia mtu. Limeondoka, na ukuta umemwangukia mtu. Na kile chuma ukutani kwako wanasema ndiyo hirizi, imetoka kwenye msingi mpaka kichwani."

"Ni mikanda ya makasha, mama Kudra. Ulikuwepo Mihayo akiizika. Ulicheka mpaka ukakaa chini."

"Nilicheka," Asteria alisema. "Sasa sicheki." Akabeba jembe lake akaenda zake kwa njia ile mpya.

Watu bwana. Onyo likitolewa na mtu mwenye nyumba mbovu huitwa ushauri. Likitolewa na mtu ambaye nyumba yake imepona, huitwa kitu kingine.

Kwenda Kahama? Ritha alimpigia simu akimlilia aende. Lakini mtu anayeondoka wakati kama huo amekiri, na udongo wake wa unyayo ungemfuata hata huko. Na shamba je? Na kaburi la Mihayo? Aliona mtu mmoja tu anayeweza kumwokoa kwa neno moja, akavaa viatu akaenda Kagongwa.

Frank alikuwa kwenye karakana yake, anaranda ubao. Alipomwona aliacha randa, akamwamkia vizuri, akampa kiti. Macho yake hayakutulia.

"Frank, wewe ni fundi," Limi alisema. "Nyumba yangu unajua kwa nini imesimama."

"Najua, mama."

"Na ya Lusia unajua kwa nini imeanguka."

Frank akafuta vumbi la mbao kwenye mikono, akafuta tena. "Najua."

"Basi njoo uwaambie. Waambie ni misumari na mikanda, si mimi."

Alichukua randa, akaiweka tena. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Nikisema ni misumari, mama, Edson ataniuliza misumari alipiga nani. Mapaa yaliyoruka Mwalugoye, mengi nimepaua mimi. Wewe wanasema umeleta upepo. Mimi watasema nimemuua mama yake, na itakuwa kweli. Nina watoto."

Limi alitaka kumlaani. Alikasirika mpaka akaona giza. Lakini neno lake lilikuwa limeshageuka kitu cha hatari hata kwake mwenyewe. Alilishika mdomoni, akalimeza, akanyanyuka. Njia nzima ya kurudi aliwaza jambo la kutisha kuliko panga. Aliwaza, je, kama niliita kweli? Kama kutamka ni kuita? Alijisikia akiwatazama watu shambani kwao na kuogopa asije akawaza kitu kibaya juu yao. Hapo ndipo walipomfikisha: alianza kujichungulia mwenyewe kama anavyomchungulia mgeni.

Alipofika mwisho wa barabara aliiona nyumba yake, peke yake kwenye uwanda mtupu, imesimama wima, haina hata jirani wa kivuli. Na yeye, aliyeishi ndani yake miaka yote hiyo, akaiogopa. Kama angekuwa mpita njia angeizunguka.

Jumapili, misa ilisaliwa uwanjani kwenye kifusi cha kigango, na watu walipokuwa wakirudi kwa ile njia yao mpya walimwona Limi juu ya paa. Amejifunga kanga mbili kiunoni, ameshika koleo la marehemu mumewe. Anang'oa.

Alianza na kofia za paa, akafuata bati moja moja. Misumari iligoma, akaitukana kwa Kisukuma. Bati likishaachia analisukuma, linateleza, linaanguka chini kwa kishindo, anahamia jingine. Watu walisimama. Kwanza wachache, halafu kitongoji kizima, wamejipanga kando ya njia na nguo zao za kanisani. Hakuna aliyemzuia na hakuna aliyemsaidia. Mama wa miaka yake, juu ya mbao, jua la mchana linamchoma, anafanya kwa mikono kile ambacho upepo ule ulishindwa, na walio chini wanatazama kama wanavyotazama ng'ombe akichinjwa.

Bati zilipokwisha akaifikia mikanda. Aliikata mmoja mmoja. Kila ukikatika ulitoa mlio na kuruka, na kila ukilia watu wote kwa pamoja walirudi nyuma hatua. Mkanda wa mwisho ulimchana kiganja. Alikaa juu ya ukuta, damu inamtiririka, akalia kwa sauti mbele ya watu wote, kwa sababu ule ulikuwa mkono wa Mihayo aliokuwa anaukata, na alijua, na hakuna mwingine aliyejua.

Asteria ndiye aliyetoka kundini. Alikuja akashika ngazi.

"Shuka, mama Ritha," alisema. "Shuka, inatosha."

Baada ya hapo ilikuwa kama mlango uliofunguliwa. Wanaume walikuja wakapanga bati, wanawake wakamfunga kiganja, mtu akaleta maji, akanywa kwenye kikombe chao na hakuna aliyekisuuza. Mikanda waliikusanya kwa fimbo, bila kuigusa, wakaikokota mpaka lamboni wakaitupa kwenye kina. Kitu pekee katika kitongoji kile ambacho kingeweza kushikilia mapaa yao walikitupa majini, wakarudi wamechangamka. Yule mtaalamu wa Bukombe alipofika alikuta uwanda umesawazika, nyumba zote zimefanana. Wazee wakamwambia shughuli imeshakwisha, hirizi imekatwa na mwenyewe. Akala, akaondoka.

Limi akapewa turubai kama wenzake, akalitundika ndani ya kuta zake. Watoto wakaanza tena kupita mbele ya mlango na kumwamkia. Ile njia ya zamani ikafagiliwa na nyayo. Asteria akamletea mchicha, wakakaa wakauchambua, wakasema habari za watu, wakacheka. Na kicheko hicho ndicho kilichomwogopesha Limi. Walikuwa wanampenda kweli. Walikuwa wanampenda kama zamani, bila kinyongo, na wiki iliyopita walikuwa wamechota unyayo wake.

Frank alikuja siku ambayo mawingu yalikuwa yamejikusanya tena upande wa magharibi. Alikuja kwa baiskeli, begi la vifaa mgongoni, na kwenye kibebeo roli nzima ya mikanda ya chuma, mipya. Alikuwa ameifuata Isaka. Alisimama mlangoni, akainua macho kwenye kuta zisizo na kitu, akavua kofia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kutazama?"

"Nimekuja kupaua. Sitaki kitu." Akaingia, akapapasa juu ya lenta pale mikanda ilipokatwa. "Mzee alijua kazi. Vipande vilivyobaki ukutani bado vizima, nitaunganisha humo humo. Nitaifunga kwa ndani, kisha nipige dari. Hakuna atakayeona."

Limi alikuwa ameketi kwenye kigoda, anapeta mchele kwa mkono mmoja, ule mwingine ukiwa bado na kitambaa. Aliendelea kupeta.

"Upepo ukirudi, watu wataona," alisema.

Frank hakuelewa mara moja.

"Utawabomolea wao, utaniacha mimi. Mara ya pili, mwanangu, hawatangoja nipande juu." Akapuliza makapi. "Mimi sikatai mikanda. Nikuulize, nani asiyependa kulala chini ya paa lililofungwa? Lakini siwezi kufungwa peke yangu. Nenda kafunge zao. Zikiisha zote, hata msonge wa Ndaki, ndipo uje kwangu."

"Hawatakubali. Wanasema ni hirizi."

"Wataambiwa na fundi kwamba si hirizi. Anza kwa Edson."

Alilisema jina hilo polepole, bila ukali. Edson alikuwa ameanza kuinua tena kuta za mama yake. Kutoka pale walipo walimwona, ng'ambo ya shamba, akikanda udongo kwa miguu yake mwenyewe. Kuanza kwa Edson maana yake ni kusimama mbele yake na roli ile, na kueleza ni ya nini, na Edson angeuliza mbona hukuiweka mara ya kwanza. Frank alijua hivyo, Limi alijua hivyo. Kwa mbali kukanguruma.

"Na mvua hii, mama? Utakaa kwenye turubai?"

"Nitakaa."

Frank akazitazama tena kuta zile. Kisha akaivaa kofia yake, akaivua tena, akaibana kwapani. Akaiacha baiskeli, akajitwika roli begani, akashika njia. Pale njia inapogawanyika, moja ikienda Kagongwa na nyingine kwa Edson, alisimama, akahamishia roli bega la pili. Akakata kwenda kwa Edson.

Limi akaacha ungo. Aliona Edson akiinua uso, akifuta mikono kwenye suruali, akimpa mgeni wake mkono. Aliona roli ikishushwa chini. Frank alianza kusema, na alisema kwa kirefu, na upepo mwepesi uliokuwa umeanza kuvuma ulikuwa unakwenda upande ule, kwa hiyo halikumfikia hata neno moja. Aliona tu Edson akikaa chini kwenye tope alilokuwa akilikanda, taratibu, mikono kichwani, Frank naye akichuchumaa mbele yake, na baadaye akaona kichwa kile kikigeuka na kumtazama yeye.

Matone ya kwanza yakaanguka. Limi akavuta turubai juu ya kichwa chake, akakaa chini yake, macho ng'ambo ya shamba, akingoja kuona ni nani kati ya wale wawili atakayenyanyuka kwanza.